Kupeleka familia kwenu Rungwe: tanguliza majina, ardhi iache

Mkuu, umeuliza uanzie wapi kuwapeleka mama na watoto Rungwe, kwa kina baba yako, wakati mzee mwenyewe ameshatangulia mbele ya haki na kule humjui mtu. Hali yetu ilikuwa hiyo hiyo. Babu yangu alitoka Rungwe akiwa kijana, enzi dhahabu ya Lupa kule Chunya inavuta vijana wa nyanda zote za juu. Baadaye akashuka Kilosa kwenye mkonge, akaoa huko, hakurudi tena. Baba kazaliwa Kilosa, nasi pia.

Jina la ukoo peke yake halitakufikisha. Ukishuka Tukuyu, mji mkuu wa wilaya ya Rungwe, ukasema wewe ni Mwa-fulani, utaambiwa wapo wamejaa kuanzia Kiwira mpaka Kyela. Tafuta majina ya ndugu wa babu wa tumbo moja, hasa dada zake, na walikoolewa. Wazee wenu waliobaki mjini waulize sasa, usisubiri mkutane msibani. Ulizia na usharika wa babu kama alibatizwa. Wamoravian wako Rungwe tangu 1891, na sisi mzee wa kanisa ndiye aliyetuonyesha njia: alisikia jina la shangazi wa baba, akasema huyo mtoto wake yupo, mkono huu, juu ya mto.

Kabla ya kugonga hodi kwa mtu, pita kwa mwenyekiti wa kitongoji. Akikusindikiza yeye, hakuna wa kukushangaa.

Huyo mtoto wa shangazi tulimkuta bibi mzee kabisa. Hakutuuliza kitambulisho. Alichana jani kavu la mgomba vipande vipande, akavipanga kwenye mkeka, kila kipande na jina lake: huyu wa kwanza, huyu alikufa mdogo, huyu aliolewa Masoko. Kimoja akakisogeza pembeni. "Huyu alikwenda Chunya." Baba yangu, mtu mzima mwenye wajukuu, alilia pale pale mbele ya watoto wake. Yule bibi akamshika mkono, akaanza kumwita kwa jina la babu yake, na mpaka tunaondoka hakumwita jina lingine.

Sasa la ardhi, na hili nakuomba ulishike sana. Rungwe watu ni wengi na mashamba ni madogo, kila kipande kina migomba, chai au parachichi ya mtu. Mgeni wa damu akitokea mjini ghafla, wenyeji lazima wajiulize amefuata nini. Usingoje waulize. Jioni ya kwanza, wazee wakiwa wamekaa, msemaji wenu asimame aseme wazi kwamba mmekuja kuwaona ndugu na makaburi, shamba hamdai. Baba alipolisema hilo, mjukuu mmoja wa kiume aliyekuwa amenuna tangu mchana alinyanyuka akaleta kiti, akakaa karibu yetu. Kesho yake ndiye aliyetupeleka makaburini, nyuma ya nyumba kwenye migomba, akafyeka majani mwenyewe ili watoto wapite.

Zawadi: sukari, sabuni, chumvi, mafuta ya kupikia, khanga kwa bibi, blanketi kwa mzee. Majani ya chai usihangaike nayo, Katumba yanalimwa hapo hapo. Wafundishe watoto Kinyakyusa kidogo, kusalimia "ugonile" na kushukuru "ndaga", na wakimsalimia mkubwa wainame kidogo. Wazee watafurahi kuliko kwa mzigo wowote utakaobeba.

Safari nenda kati ya Juni na Septemba. Tukuyu ina mvua nyingi mno, na Machi au Aprili barabara za ndani zinakuwa matope matupu. Ila Juni na Julai baridi yake si mchezo, masweta na soksi za watoto lazima. Ukifika Mbeya, magari ya Tukuyu utayapata Uyole. Mama kama anaumwa miguu, mlale Mbeya kwanza, mpande asubuhi.

Kijiji cha babu yako unakijua? Kama ni upande wa Masoko au Mwakaleli, sema, maana njia ya kuingilia si moja.