Kwa yaya (mkubwa wangu) wa Katuba, Lubumbashi, aliyeuliza kuhusu tansio (shinikizo la damu) na makundi ya mazoezi

Yaya, umesema daktari amekukuta na tansio ya juu, umejaribu kukimbia alfajiri peke yako ukaacha, ukarudia ukaacha tena, na sasa wenzako wa kazini wanakuvuta kwenye kundi lao la Jumapili. Unasita kwa kuwa "watu wa makundi wanapiga soga tu". Mimi natembea na majirani zangu hapa Kenya (mtaa wa Lubumbashi, Kongo; wa Nairobi msije juu), basi nikujibu kwa ninayoyaona.

Hizo soga ndizo kipimo. Mwendo unaoufaa moyo bila kuutesa ni ule ambao unaweza kuongea lakini kuimba kunakushinda. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa namna hiyo kwa wiki. Gawanya utapata nusu saa, siku tano. Kwetu mtu akinyamaza ghafla katikati ya habari tamu, tunajua tumemzidi, tunapunguza. Wakianza nyimbo, mama muuza makala (mkaa), ambaye ndiye jemadari wetu, anapiga makofi mawili na miguu inachangamka.

Kuhusu kuacha, sisi hatutumiani maneno ya kutiana moyo. Saa kumi na moja na nusu jirani anagonga geti na hasogei. Utamwambiaje umechoka, naye ameshatoka na kitenge kichwani? Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi zinaposhuka chini ya nyuzi 10, hata hilo geti lilishindwa, watu wakawa wanajibu wakiwa ndani ya blanketi. Tukahamia jioni, kabla giza halijaingia. Kundi lisilokubali kubadili saa hufa na baridi ya kwanza.

Kundi la Jumapili la wenzako nalijua aina yake: jezi za rangi moja, filimbi, vijana mbele wakiweka kasi, barabara nzima yao, na mwisho michopo (nyama choma) na chupa za baridi. Raha yao siwanyimi. Lakini Jumapili moja haifikishi hizo dakika, na mtu wa tansio kuanza kwa kuwakimbiza watoto wa miaka ishirini si sawa. Muulize daktari wako kwanza. Ukiwa njiani kifua kikakubana au kichwa kikazunguka, simama, utafute hospitali papo hapo.

Jambo lililotusaidia kuliko yote ni likelemba, mchango wetu wa kupeana pesa kwa zamu. Zamu moja tulikubaliana pesa zisiende kwa mtu, tukanunua mashine ya kupimia tansio, ile ya kufunga mkononi. Wiki ya kwanza ilizua kizaazaa. Papa mmoja alirudi kutoka matembezini, jasho linamtiririka, akajifunga papo hapo huku anasimulia mpira wa Mazembe. Namba zikapanda, akaanza kuaga watu. Binti yake muuguzi akamkalisha: mgongo uegemee, nyayo sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mdomo ufungwe, dakika tano. Akapima upya, namba zikashuka vizuri tu. Tangu siku hiyo tunapima kabla ya kutoka, hatujanywa chai, na kila mtu ana daftari lake la kumpelekea daktari. Nyumbani, ukiona 135 kwa 85 na zaidi mara kwa mara, hiyo ni ya juu. Ikishuka pia usiache vidonge kwa uamuzi wako. Huenda ni hivyo vidonge vilivyoishusha.

Chakula sitakihubiri. Bukari (ugali) haina kosa, kalembula (matembele) na lengalenga (mchicha) ndiyo kwanza. Kesi iko kwenye chumvi: kwa siku nzima isifike gramu 5, kama kijiko kimoja cha chai, na humo mmo samaki wa chumvi na vile vidonge vya mchuzi. Akina mama wa kundi waliamua pamoja: kidonge kikiingia chunguni, chumvi haiingii. Mume akinuna anaambiwa hata kwa jirani ni hivyohivyo.

Kwa hiyo Jumapili nenda na wenzako ukitaka, utembee nyuma yao. Siku za kazi tafuta majirani wawili watatu wa hapo Katuba, mnaoweza kugongeana bila kupigiana simu. Na viatu ulivyouliza: raba za mitumba zinatosha, mradi soli haijaisha upande mmoja na mbele pabaki nafasi kidogo, maana mguu huvimba ukitembea.