Usipime upepo wa mtungi wa presha maji yakiwa ndani

Mkuu, mwambie huyo fundi aweke geji chini kwanza. Umeandika kwamba pampu ya kisima chako inawaka na kuzima kila ukifungua bomba, fundi kakwambia mtungi wa presha (ule unaotunza maji na upepo ili pampu isiwake kila mara) umezidi upepo na kesho anakuja kuupunguza mpaka geji isome 28 psi, yaani kipimo cha presha. Nilipofika hapo kwenye kupunguza upepo nikashtuka. Asiguse vali ya kujazia upepo maji yakiwa ndani! Mimi nilimruhusu wa kwangu aiguse, na nililipa zaidi ya milioni.

Niko Goba. Kisima mita 70, pampu ya kuzamisha ya HP 1, mtungi wa lita 100, swichi ya presha inawasha kwenye 30 na kuzima kwenye 50. Miaka miwili maji safi kabisa. Siku moja tukaona bafuni maji yanakuja kwa nguvu, yanalegea, yanarudi tena. Nikaita fundi. Akafungua kifuniko cha ile vali ya kujazia upepo, iliyo kama ya tairi la gari, akabandika geji, ikasoma 46. "Bosi, upepo umezidi mno, hapa inatakiwa 28." Akaanza kuutoa. Geji ikashuka 40, ikashuka 35, ilipogusa 30 pampu ikawaka na kuipandisha tena hadi 50. Akatoa tena, ikapanda tena. Tuliendelea hivyo kama robo saa, mimi namshikia tochi, yeye ananiambia, "Unaona ulivyokuwa umejaa?" Nikamlipa elfu thelathini na soda juu.

Sasa sikiliza kilichokuwa kinatokea. Ndani ya mtungi maji na upepo vinasukumana, na katikati yake kuna mpira tu. Maji yakiwa na presha ya 46, upepo nao utasoma 46, uwe mwingi au uwe kiduchu. Geji ilikuwa inatusomea presha ya maji! Kila tulipotoa upepo, maji yalikaa mahali pake na pampu ikaongeza mengine. Tulipomaliza, mpira ulikuwa umevimba na kujaza chuma chote, upepo hakuna. Mtungi wa lita 100 uliopimwa vizuri kwa 30/50 unakupa kama lita 30 hivi kabla pampu haijawaka, yaani ndoo moja na nusu. Wangu ulikuwa hautoi hata jagi.

Kuanzia usiku ule ilikuwa ta, ta, ta. Mtoto akinawa mikono, pampu imewaka mara tano. Mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikishashika kasi, na joto lake hubaki kwenye nyaya za ndani. Ikiwaka inatakiwa iende angalau dakika nzima ndipo ipumzike; yangu ilikuwa inaenda sekunde tatu. LUKU ikaanza kuisha kabla ya siku zake. Wiki ya tatu kapasita kwenye boksi la kuwashia ikafa, nikabadilisha, nikadhani yameisha. Wiki ya tano mota ikaungua. Kuvuta mita 70 za bomba kutoka kisimani ni watu wanne na siku nzima: laki mbili. Pampu mpya laki nane na nusu. Mpira wa mtungi nao ulikuwa umepasuka kwa kuvutika. Siku nne nyumba nzima tunaoga maji ya madumu ya kununua.

Nilipompigia yule fundi akasema pampu za siku hizi ni feki. Pampu haikuwa feki! Mtu anabeba geji miaka yote hajui inapima nini, na bado anaingia majumbani kwa watu na kuharibu vitu vyao. Na muuza duka aliyeniuzia mtungi naye aliniambia umejazwa kiwandani, hauguswi maisha. Uongo. Upepo hupungua polepole kama wa baiskeli iliyolala stoo, na kiwandani hawajui swichi yako inawasha kwenye ngapi.

Mtungi unapimwa ukiwa mtupu. Zima pampu kwenye umeme, fungua bomba lililo chini kuliko yote, acha maji yatoke mpaka yaishe na geji ya maji isome sifuri. Usilifunge hilo bomba. Utikise mtungi, uusikie mwepesi. Hapo ndipo ubandike geji ya tairi, hata ya kuazima kwa fundi pancha. Unatafuta 2 psi chini ya namba ya kuwasha: swichi ya 30/50 ni 28, ya 20/40 ni 18. Kama geji yako ni ya bar, 28 ni kama 1.9. Ukikuta upepo mdogo, jaza. Pampu ya baiskeli ya mwanangu inanitosha. Ukizidisha ukaipita namba ya kuwasha, maji yatakatika ghafla bombani kabla pampu haijawaka. Na ukibonyeza kile kipini cha vali yakatoka maji, mpira umepasuka, usihangaike kujaza.

Narudia: mtupu, bomba wazi, pampu imezimwa. Mimi napima kila baada ya miezi sita na tarehe nimeiandika kwa maka peni kwenye mtungi wenyewe.

Kwa dalili ulizoeleza, inaelekea upepo wako umepungua, haujazidi. Fundi akija kesho mwambie afungue bomba kwanza mtungi uishe maji. Akikataa, mpe nauli arudi kwake. Halafu njoo uniandikie hapa geji imesoma ngapi.