Miche malishoni na farasi anayenyonyoka mkia

SWALI: Shikamoo Mama. Nina farasi wawili huku Utange, wikendi nawapandisha wageni ufuoni Bamburi. Tangu masika yaanze, malisho yao yameota miche ya miti nisiyoijua, hasa kando ya ugo. Mteja wangu anayeishi Uingereza aliona picha, akaniambia ning'oe yote upesi kwani kwao kuna miche inayoua farasi. Kijana wangu wa zizini anasema farasi anajua mwenyewe asichokila. Nimsikilize nani? Na lingine dogo: jike langu ananyonyoka singa za mkiani na shingoni. Nimempa dawa ya minyoo lakini wapi. – Mfugaji, Utange

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo uliloliita dogo ndilo lililonishtua, kwa hiyo naanza nalo.

Nenda kando ya huo ugo, utafute mche wa kimo cha shibiri hivi. Uchimbue taratibu, usiuvute, utoke na mizizi yake. Je, majani yake ni vijani vidogo vidogo vilivyopangana pande mbili za kijiti, na jioni hufumbana? Kisha inua macho. Kuna mti wenye maganda bapa ya kahawia yaning'iniayo vichala vichala, na mbegu ndogo zinazong'aa? Basi hiyo ni lusina. Huku kwetu imejaa kila kiwanja kisichojengwa, na mvua ikinyesha huota chini ya mama yake kama zulia.

Lusina ina sumu iitwayo mimosini. Farasi na punda wakiila kwa muda, singa za mkia na shingo hunyonyoka, na kwato nazo huharibika. Jirani atakwambia mbuzi wake wanaila na wamenenepa, na huenda hadanganyi: wanyama wanaocheua wanaweza kuwa na bakteria tumboni wanaoivunja sumu hiyo. Farasi hacheui. Mhamishe jike wako leo kutoka malisho hayo. Sumu ikikatika, singa huota tena. Hata hivyo daktari wa mifugo amtazame ngozi, maana kuvu na upele pia hunyonyoa.

Mteja wako hakukosea kuhusu kwao. Ulaya kuna mti wa mepo ambao mbegu zake, na miche inayochipua majira ya kuchipua, zina sumu ya hipoglisini A. Huvunja misuli, mkojo ukawa kahawia iliyokoza, na farasi wengi hufa katika siku chache. Lakini mepo ni mti wa nchi za baridi, hutaukuta Utange. Wewe una hatari zako.

Ya kwanza ni mbarika. Mche wake huanza na majani mawili manene ya mviringo, yasiyofanana hata kidogo na majani yatakayofuata, yenye ncha nyingi na kingo za msumeno. Hapo ndipo watu wengi hupotea: wanaangalia jani la kwanza, wanasema ni boga. Ukiuchimbua mapema, mara nyingi utakuta ganda la mbegu lenye madoadoa bado limo mchangani. Sumu kali zaidi imo ndani ya mbegu, na farasi ni katika wanyama wanaodhurika nayo upesi.

Ya pili ni oleanda, ile ya maua ya waridi au meupe ipandwayo kwenye bustani za hoteli, pamoja na mwenzake wa maua ya njano. Majani yao ni membamba, magumu, yaliyochongoka. Ule wa njano ukivunja jani hutoa utomvu mweupe. Zote mbili hushambulia moyo, na majani machache tu yanatosha kumwangusha farasi. Tena jani likikauka sumu haiishi. Uliza jirani mwenye bustani anatupa wapi matawi anayopogoa, kwa sababu hatari ya hayo inazidi ya miche. Ikiwa anayarusha upande wako wa ugo, nenda ukazungumze naye kabla ya kufika mwisho wa barua hii.

Mvinje usikuhangaishe. Mwarobaini ni mchungu, wanyama wengi huupita, ila uung'oe tu usikuzibie nyasi.

Kijana wako nampenda kwa kuwaamini farasi wake, lakini farasi huchagua akiwa ameshiba. Kiangazi nyasi zikiisha, atakula kilicho kibichi. Na farasi hawezi kutapika: alichomeza kimemezwa. Ukimwona anatetemeka, anaharisha au anashindwa kusimama, piga simu kwa daktari wa mifugo palepale, wala usimmiminie maziwa mdomoni, yasije yakaingia mapafuni.

Unapong'oa, vaa glavu, wala usionje jani lolote ili kulijua. Lusina uichimbe na mzizi, kwani ukiikata huchipua upya. Usirundike ulivyong'oa ndani ya malisho. Mche utakaokushinda, utie kwenye chupa ya maji pamoja na mizizi yake, na tawi la mti mkubwa ulio karibu, umpelekee afisa wa kilimo. Akishindwa, Makumbusho ya Taifa kule Nairobi wana hifadhi ya mimea iliyokaushwa, na watu wa kuitambua.

Nitumie picha ya mche wenyewe, na ya mkia wa huyo jike.