Funga huo ukurasa wa misimamo, tafuta kura zake kwanza

Mkuu, kabla hujamshawishi hata jirani yako mmoja ampigie kura huyo mbunge, funga kwanza huo ukurasa wa misimamo yake ulioubandika hapa. Umeandika kwamba umeapishwa kuwa raia wa Marekani mwaka huu, kwamba mwenyekiti wa jumuiya yenu amewahakikishia kuwa huyu «ni mtu wetu», na kwamba ukurasa wenyewe unasema anaunga mkono uhamiaji halali, anapunguza kodi na anawalinda wagonjwa. Mambo hayo hayo matatu, karibu kwa maneno hayo hayo, niliyasoma mwaka 2012, nikayatafsiri kwa Kiswahili, nikayachapisha kwa fedha zangu na kuyagawa mlangoni pa kanisa na mlangoni pa msikiti, kwa sababu mwenyekiti wetu naye alikuwa amesema hivyo hivyo.

Mgombea wetu alikuwa mbunge anayetetea kiti chake. Alikuja ukumbini Oktoba ile, akala pilau, akasifu kachumbari, akasema anawapenda wahamiaji walioingia kwa mlango wa mbele. Tulipiga makofi hadi viganja vikauma, na tulikuwa na sababu, kwani wengi ukumbini waliingia nchi hii kwa bahati nasibu ya grini kadi, yaani kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja, ambayo ni mlango wa mbele kuliko milango yote. Imo katika Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1990, ina nafasi 55,000 kwa mwaka kwa mujibu wa sheria hiyo, na ililenga nchi ambazo watu wake ni wachache miongoni mwa wahamiaji wa Marekani. Bila hiyo, mtu wa Morogoro au Kakamega asiye na ndugu wala mwajiri huku angeingilia wapi?

Sasa nisikilize vizuri. Tarehe 20 Septemba 2012, yaani kabla pilau ile haijapikwa, Baraza la Wawakilishi, ambamo huyo mgombea wetu alikuwa mbunge, lilikuwa limeupigia kura muswada H.R. 6429 (H.R. ni alama ya miswada ya Baraza hilo), uliotaka kuifuta bahati nasibu hiyo kabisa na kuzihamishia nafasi zake kwa wageni waliohitimu shahada za juu za sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati katika vyuo vya Marekani. Ulipata kura 257 dhidi ya 158, lakini haukupita siku hiyo, kwa kuwa ulikuwa umeletwa kwa njia ya mkato inayodai theluthi mbili ya kura. Mgombea wetu alikuwa ndani ya wale 257. Alisimama mbele yetu akijua hivyo, na hakusema uongo hata mara moja, maana wenye shahada za uzamivu nao ni wahamiaji halali. Uchaguzi ukafanyika tarehe 6 Novemba, akashinda, na tarehe 30 Novemba muswada ule ule ukarudishwa kwa njia ya kawaida inayohitaji wingi tu wa kura, ukapita kwa 245 dhidi ya 139, naye akiwamo tena. Kilichotuokoa ni kwamba ulifia Seneti, ile nyumba ya pili ya Kongresi.

Habari hizo sikuzipata kwa mwenyekiti. Nilizipata kwa mama mmoja mtu mzima, ambaye binti yake alikuwa amejaza fomu ya bahati nasibu mwaka ule ule, na ambaye alinikalisha baada ya arobaini ya msiba fulani akanionyesha simu yake. «Mwanangu,» akasema, «si wewe uliyeniletea karatasi ya huyu bwana hadi mlangoni kwangu?» Karatasi yenyewe alikuwa nayo kwenye pochi, imekunjwa mara nne, na jina langu liko chini pamoja na namba ya simu. Nilimpa shikamoo ya pili, kwa sababu sikuwa na jibu jingine.

Nilipomfuata mwenyekiti, aliniambia kwamba siasa ni pana na kwamba tusiangalie kura moja. Ningeukubali upana huo kama ule mkutano usingempatia picha ya kutundika ofisini na meza ya mbele kwenye hafla ya mbunge. Hakuna aliyemlazimisha kusoma kumbukumbu za Kongresi, nakiri, lakini mtu anayesimama mbele ya kadamnasi na kusema «nimewachunguzia» anapaswa kuwa amechunguza walau kitu kimoja zaidi ya tabasamu. Mimi nami niliambulia fulana yenye jina la mgombea, pamba nzuri sana, ambayo hadi leo huivaa nikibadilisha oili ya gari, kwa hiyo asiseme mtu kwamba kampeni ile haikunipa faida.

Kanuni yangu tangu siku hiyo ni moja: msimamo usio na namba ya muswada siuhesabu. Fungua tovuti ya congress.gov, inayoendeshwa na Maktaba ya Kongresi, andika namba ya muswada, ingia sehemu inayoonyesha hatua ulizopitia, na pale palipopigwa kura ya majina utakuta kiungo kinachokupeleka kwa Karani wa Baraza, ambako kila mbunge ameorodheshwa kuwa alisema ndiyo, alisema hapana, au hakupiga kura. Hilo la mwisho usilidharau, maana wapo ambao hawaonekani ukumbini siku ya kura ngumu kisha wanarudi nyumbani na msimamo msafi kama kanzu ya Idi. Wala usidanganyike na orodha ya miswada «aliyoiunga mkono», kwa sababu katika kila Kongresi ya miaka miwili huwasilishwa miswada zaidi ya elfu kumi na inayokuwa sheria ni mia chache tu, hivyo kutia jina kwenye muswada ambao hautaletwa ukumbini hakumgharimu mtu chochote.

Wala usifikiri ninakupigia debe la chama cha pili, Democratic. Tarehe 27 Juni 2013 Seneti ilipitisha muswada S. 744 kwa kura 68 dhidi ya 32, na maseneta wote wa Democratic waliuunga mkono. Ulikuwa na njia ya uraia kwa mamilioni ya watu wasio na karatasi, jambo kubwa kwelikweli, lakini humo humo ulifuta bahati nasibu ya grini kadi na kuweka utaratibu wa pointi, yaani kuwachagua wahamiaji kwa alama za mambo kama elimu na kazi. Baraza la Wawakilishi halikuupigia kura kabisa. Mgombea anayekuambia kwamba anataka mageuzi mapana ya uhamiaji anaweza kuwa anasema kweli tupu na bado akawa amefunga mlango wa shemeji yako.

Kodi nayo ni hivyo hivyo. Sheria kubwa ya kodi na matumizi iliyopitishwa na Baraza tarehe 3 Julai 2025 kwa kura 218 dhidi ya 214 ina mapunguzo ya kodi ambayo kila aliyeipigia kura atayatangaza, na kwa haki yake. Ndani yake imo pia kodi ya asilimia 1, kuanzia Januari 2026, kwa fedha zinazotumwa nje ya nchi iwapo mtumaji analipa kwa taslimu dirishani kwa wakala, awe raia au si raia, yaani dola 5 kwa kila dola 500 za ada ya shule. Anayelipa kutoka akaunti yake ya benki au kwa kadi iliyotolewa Marekani haimgusi. Toleo lililopita Barazani mwezi Mei lilikuwa na asilimia 3.5, ingawa lenyewe liliwalenga wasio raia. Kama mbunge wako alikuwapo, alipiga kura zote mbili, na hakuna ukurasa wa misimamo utakaokuwekea hilo. Afya sitaichambua, ila tazama alifanya nini tarehe 4 Mei 2017 kuhusu H.R. 1628, muswada wa kufuta sehemu kubwa ya sheria ya bima ya afya ya Obama, uliopita Barazani kwa 217 dhidi ya 213, halafu ulinganishe na hiyo sentensi yake ya kuwalinda wagonjwa.

Mpinzani wake, ambaye umesema hajawahi kuwa Kongresini, mtafute kwenye bunge la jimbo au halmashauri ya jiji ikiwa alikaa huko. Kama hakukaa popote, muulize kwa maandishi swali lenye namba: je, ungepigaje kura kwa H.R. 6429 wa mwaka 2012? Ofisi ya kampeni ikikujibu kwa aya nzuri kuhusu ndoto ya Marekani bila ndiyo wala hapana, hilo nalo ni jibu, liweke kwenye faili. Nitajie wilaya yenu ya uchaguzi ni namba ngapi na katika jimbo gani, kura za huyo anayetetea kiti nitakutafutia mwenyewe wikiendi hii, na huyo mwenyekiti wenu mwambie aingie hapa azisome.