Wetisuti ya Matema: unene gani, na uikague vipi

Maji ya nyuzi 24 si baridi kwa kuoga. Kwa kuzamia, dakika 40 zinatosha kukugonganisha meno, maana maji hunyonya joto la mwili mara 25 hivi kuliko hewa. Ziwa Nyasa, pale ufukwe wa Matema, hufikia kiwango hicho kati ya Juni na Agosti, hata kama Kyela mjini mnatoka jasho.

Kuelea juu ukitazama samaki wa kwenye mawe, wetisuti (suti ya mpira inayoingiza maji kidogo, nawe ukayapasha joto) ya milimita 3 inatosha. Ukizama na mtungi wa hewa, vaa milimita 5, mikono na miguu mirefu. Neoprini ni mpira uliojaa viputo vya gesi: mita 10 chini vinabaki kama nusu, mita 30 robo. Yaani suti inakonda kule kule unakoihitaji.

Ukiikuta suti kwenye mitumba ya Mwanjelwa, Mbeya, ibonyeze kwa kidole gumba magotini na msambani. Shimo lisipojaa upesi, neoprini imekufa; hata wakikupa kwa bei ya chai, iache. Nyingi huwa za wachezaji wa mawimbi: laini mno, na kina huzibana haraka.

Kuivaa kuwe kazi. Vaa soksi ili mguu uteleze, kisha chuchumaa na uinue mikono. Kiganja kikipenya kiunoni au kwapani, ni kubwa: kila ukijinyoosha itasukuma nje maji yaliyopata joto na kuvuta mapya. Suti ya milimita 7 iliyolegea inashindwa na ya 5 iliyobana.

Draisuti, ile isiyoingiza maji kabisa? Kwa Matema ni anasa. Joto lake linatoka kwenye nguo za ndani, mpira wa shingoni huchanika, na hewa ikikimbilia miguuni inakupindua kichwa chini, hivyo lazima ufundishwe kwanza. Ni ya maji ya nyuzi 10 huko Uingereza.

Ukitoka Zanzibar na suti ile ile, punguza kilo 2 hivi za risasi, vile vipande vya uzito vya mkanda wa kuzamia. Maji yasiyo na chumvi hayakuinui kama ya chumvi.

Ianike kivulini, ikunje kiunoni pake juu ya mti mnene, si waya. Haitakauka jioni ile, na usiikimbize: barabara ya Tukuyu kwenda Mbeya hupita juu ya mita 2,000, na naitrojeni, gesi ya hewa ya mtungi iliyobaki mwilini, huchukulia huo mlima kama ndege: mgandamizo ukipungua inaweza kutoa viputo vya kukudhuru. Baki Matema kwa muda wa saa 12 baada ya mzamo mmoja, 18 kama ulizama siku kadhaa.