Kingamwili Zikishuka, Je, Kinga Imekwisha?

SWALI: Daktari, niliugua UVIKO-19, nikapona, kisha nikachanjwa. Miezi minane baadaye nilipimwa damu, nikaambiwa kwamba kingamwili zangu zimepungua sana. Je, mwili wangu umeshavisahau virusi hivyo?

JIBU: Ndugu msomaji, haujavisahau. Kipimo ulichofanyiwa huonyesha tu wingi wa kingamwili zilizokuwamo katika damu siku ile. Hakionyeshi seli zinazozitengeneza, wala zile zilizotulia zikisubiri kuamshwa. Kwa maoni yangu, hofu nyingi kuhusu kinga ya korona imetokana na kuchanganya mambo hayo.

Kingamwili ni protini za kinga zinazonasa virusi, na protini huchakaa. Aina iliyo nyingi zaidi katika damu, IgG, hupungua kwa nusu katika takriban wiki tatu isipotengenezwa nyingine. Virusi vinapoingia, seli B nyingi, yaani chembe nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili, hugeuka haraka na kuanza kumwaga kingamwili, lakini nyingi kati yake hufa baada ya muda mfupi, hivyo kiwango kile cha juu cha mwanzoni hakina budi kushuka. Hali hiyo hutokea pia baada ya maradhi mengine mengi ya kuambukiza, wala si kasoro.

Kazi ya kudumu hufanyika kwenye tezi za limfu, zile ambazo baadhi ya watu walizihisi zimevimba kwapani upande uliochomwa sindano. Humo seli B huzaliana kwa wingi, na kila zinapogawanyika, sehemu ya jeni inayounda kingamwili hubadilika kidogo kwa kubahatisha. Mabadiliko mengi huharibu, na seli zenye mabadiliko hayo hufa. Zile chache zinazoishika vizuri zaidi protini ya mwiba, ambayo virusi huitumia kuingilia kwenye seli zetu, husaidiwa na seli T, aina nyingine ya chembe nyeupe za kinga, ziendelee kuishi. Mchujo huo huweza kuendelea kwa miezi kadhaa baada ya homa kwisha, ndiyo maana mtu aliyepona nusu mwaka uliopita anaweza kuwa na kingamwili chache zaidi lakini zilizo bora kuliko zile za mwezi wa kwanza.

Seli zinazofuzu hufuata njia mbili. Baadhi huwa seli za kumbukumbu, ambazo huzunguka mwilini zikiwa kimya. Nyingine huhamia kwenye uboho wa mifupa na kuendelea kutoa kingamwili kidogo kidogo. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani walizikuta katika uboho wa watu wengi waliowachunguza, ambao wengi wao waliugua UVIKO-19 isiyo kali miezi kadhaa kabla.

Zipo pia seli T zinazoua seli zilizokwisha kuambukizwa. Hizi hutambua vipande vya protini nyingi za virusi, si mwiba peke yake, kwa hiyo Omicron, aina mpya ya virusi vya korona, ilipojitokeza mwishoni mwa 2021 ikiwa na mabadiliko zaidi ya 30 kwenye mwiba, iliziponyoka kingamwili nyingi lakini seli T nyingi ziliendelea kuitambua. Watu waliougua SARS mwaka 2003, inayosababishwa na virusi vya ukoo huohuo, walikutwa na seli T za kumbukumbu miaka 17 baadaye.

Hata hivyo, unaweza kuugua tena. Seli za kumbukumbu huhitaji siku chache kuamka, na wakati huo virusi vimekwisha kuzaliana puani. Utapata mafua na homa, lakini mara nyingi ugonjwa hukatizwa kabla haujaharibu mapafu. Wazee na wanaotumia dawa za kupunguza kinga hawawezi kutegemea hilo kwa kiwango sawa, na ndio hasa wanaoshauriwa kuchanjwa tena.

SWALI: Mbona surua huugua mtu mara moja tu?

JIBU: Virusi vya surua husambaa mwilini kwa takriban siku 10 kabla ya dalili kuanza, muda unaoitosha kumbukumbu kuamka na kuvizuia. Tena protini zake za nje haziwezi kubadilika sana bila virusi kupoteza uwezo wa kuingia kwenye seli. Korona huanza kazi puani ndani ya siku chache, na mwiba wake huvumilia mabadiliko mengi. Hata aina nne za korona zinazotuletea mafua ya kawaida humrudia mtu mara nyingi maishani.