Kijiti cha Kaboni Hakiliki: Umeme Unatoka Wapi?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita hapa Mbeya. Katika jaribio la seli ya galvani, yaani seli inayotoa umeme kwa mmenyuko wa kemikali, tulitumbukiza kipande cha zinki katika myeyusho wa zinki salfeti, na upande wa pili kijiti cha kaboni cha betri kuukuu ya redio katika myeyusho wa salfeti za chuma wenye Fe²⁺ na Fe³⁺ (ioni za chuma, yaani atomu zilizopoteza elektroni mbili au tatu) na asidi ya salfuriki. Maltimita ilisoma volti 1.43, ilhali kwa hesabu ya kitabu tulitarajia 1.53. Baada ya seli kufanya kazi kwa muda mrefu, zinki ilipungua uzito lakini kijiti hakikubadilika. Kijiti kina kazi gani, na kwa nini tusitumie msumari? Wenzangu wanasema volti zilipunguzwa na baridi ya Julai.

JIBU: Wanafunzi wengi hudhani kwamba ili seli itoe umeme ni lazima elektrodi zote mbili, yaani vipande vilivyounganishwa na waya, zibadilike. Zinki hubadilika kweli, kwa kuwa kila atomu yake huachia elektroni mbili na kuingia katika myeyusho ikiwa Zn²⁺. Upande wa pili, hata hivyo, mpokeaji wa elektroni ni Fe³⁺, inayogeuka kuwa Fe²⁺, na kwa kuwa ioni zote mbili zimo ndani ya maji, hakuna metali inayojengeka juu ya kijiti wala inayomong'onyoka. Elektroni hazisafiri zenyewe ndani ya maji. Hufika kwa waya, na ni lazima pawepo kitu kigumu kinachopitisha umeme ambacho ioni itakigusa ili ipokee elektroni yake. Kazi ya kijiti ni hiyo tu. Kilikuwa nayo hata ndani ya redio, ambako kopo la zinki liliachia elektroni na manganizi dioksidi iliyokizunguka ikazipokea. Platini nayo hutumika hivyo, ila bei yake ni kubwa mno kwa shule zetu.

Msumari tafadhali msiutumie. Chuma kingeachia elektroni moja kwa moja kwa Fe³⁺ ndani ya bika, atomu moja ikizigeuza ioni mbili na yenyewe kuyeyuka, hata mkabaki na ioni tatu za Fe²⁺ bila elektroni hizo kupita katika waya. Shaba ina ila hiyo hiyo: mafundi wa elektroniki hutumia feri kloridi kuondoa shaba isiyotakiwa katika bodi za saketi. Ndiyo maana elektrodi huhesabiwa kuwa tulivu, yaani isiyobadilika, kwa kuangalia myeyusho inamokaa, si kwa jina lake pekee.

Kuhusu volti, kipimo chenu ni kizuri kuliko mnavyodhani. Volti 1.53 ni jumla ya 0.77 ya jozi ya chuma (Fe³⁺ na Fe²⁺) na 0.76 ya zinki katika hali sanifu, yaani hali ya kulinganishia inayotumiwa na vitabu. Asidi mliyotia inafaa, kwa sababu huzuia mashapo ya kahawia ya chuma. Lakini salfeti huishika Fe³⁺ kwa nguvu zaidi kuliko Fe²⁺, hivyo Fe³⁺ iliyo huru hupungua, na katika asidi ya salfuriki ya moli 1 kwa lita jozi ya chuma hushuka hadi karibu volti 0.68. Mkijumlisha na 0.76 mtapata 1.44. Baridi ya Mbeya ingepunguza milivolti chache tu, nanyi mlikuwa mkitafuta milivolti 100.